Mwalimu Anapohamia Mafunzo ya Kazini

Walimu wanaofikiria kuacha darasa la shule na kwenda kufundisha wafanyakazi huniuliza, karibu wote, kama kazi hiyo wataiweza. Mimi huwajibu kwamba hilo si swali la kutanguliza. Mtu aliyekwisha kuandaa azimio la kazi la muhula mzima, akagawa mada ngumu katika vipindi vinavyoeleweka, akatambua kwa kutazama nyuso tu kwamba nusu ya darasa imeachwa nyuma, tayari anao ujuzi ambao wakufunzi wengi waliotokea kwenye fani nyingine huutafuta kwa miaka. Kigumu katika uhamisho huu kiko kwingine. Shuleni somo lenyewe ndilo kazi, ilhali kazini somo ni njia moja tu kati ya njia kadhaa za kufanya shughuli iende vizuri, na mara nyingine si njia inayofaa.

Fikiria jinsi mtaala unavyomfikia mwalimu. Mada zimekwisha kuchaguliwa, mpangilio wake umekwisha kuamuliwa, na hakuna mtu anayemtaka athibitishe kwamba wanafunzi wana haja ya kujifunza sehemu na desimali. Mkufunzi hana raha hiyo. Meneja humjia na ombi lililokamilika, kwa mfano mafunzo ya siku mbili kwa makarani ambao fomu zao zinarudishwa kila mara kwa sababu ya makosa, naye akilipokea ombi hilo kama mwalimu anavyoipokea silabasi, atatengeneza somo zuri sana ambalo huenda halihitajiki. Mwaka 1970 Robert Mager na Peter Pipe, wataalamu wa mafunzo wa Marekani, walipendekeza kipimo ambacho mpaka leo sijaona cha kukishinda kwa urahisi wake: jiulize kama mfanyakazi huyo angeweza kuifanya kazi hiyo vizuri endapo maisha yake yangetegemea kuifanya. Akiwa angeweza, basi tatizo si upungufu wa ujuzi, na mafunzo hayataliondoa.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa somo, mkufunzi huenda kukaa kando ya karani akamtazama anavyofanya kazi. Anaweza kukuta kwamba fomu ina nafasi mbili zinazofanana mno, au kwamba taarifa zinazotakiwa humfikia karani baada ya muda wa kuwasilisha kupita, au kwamba anayeharakisha husifiwa hata akikosea na anayehakiki kwa makini hulaumiwa kwa kuchelewa. Katika hali kama hizo jibu la haki ni kumwambia meneja kwamba fomu irekebishwe, au utaratibu wa kusifu na kulaumu ubadilishwe, kisha mafunzo yaahirishwe. Kwa mtu aliyezoea kuamini kwamba penye kutokujua dawa ni kufundisha, ushauri huo ni mgumu kuutoa, lakini nauona kuwa ndio sehemu yenye heshima kubwa kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu unaokoa muda wa watu na kuwaondolea lawama isiyo yao.

Kuhusu kufundisha watu wazima, huwasihi walimu wasitishwe na maandishi yanayodai kwamba mtoto na mtu mzima hujifunza kwa namna mbili zisizokutana. Malcolm Knowles, ambaye jina lake hutajwa zaidi katika jambo hili, mwaka 1970 aliiweka elimu ya watu wazima upande mmoja na elimu ya watoto upande wa pili, lakini kufikia mwaka 1980 alikuwa amelegeza msimamo huo na kuzitazama kama ncha mbili za mstari mmoja. Linalobadilika kweli ni nafasi ya mwalimu katika chumba. Mbele yako atakuwepo fundi aliyeitumia mashine hiyo tangu hujamaliza shule, na mtu kama huyo haulizwi swali la kumpima hadharani mbele ya vijana anaowasimamia. Huombwa aeleze jinsi anavyofanya, na somo likajengwa juu ya maelezo yake. Nimeona mafunzo mazuri yakiharibika ndani ya nusu saa kwa sababu mkufunzi alisahihisha watu wazima kwa sauti ile ile ya darasa la tano.

Upimaji nao unahitaji kuzoewa upya. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick, msomi wa Marekani, alianza kuchapisha makala zilizogawa tathmini ya mafunzo katika hatua nne: washiriki waliyapokeaje, walijifunza nini, wanafanya nini tofauti wanaporudi kazini, na taasisi imepata matokeo gani. Mwalimu ni bingwa wa hatua ya pili, kwa kuwa mtihani ndio zana yake ya kila siku. Waajiri wengi huishia kwenye ya kwanza, ile karatasi ya maoni inayojazwa haraka watu wakiwa wanakusanya mikoba yao. Hatua ya tatu ndiyo inayomtofautisha mkufunzi, na haipimiki ndani ya ukumbi: inabidi kurudi baada ya wiki kadhaa, kutazama kazi ikifanyika na kuzungumza na msimamizi.

Hapa marudio, ambayo kila mwalimu anayajua, yana thamani kubwa kuliko anavyodhani. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus, akijipima mwenyewe, alionyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema sana na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa muda huhifadhi zaidi. Hata hivyo warsha ya siku nzima, iliyojaa slaidi na isiyo na ufuatiliaji, bado ndiyo desturi. Mwalimu anayehamia huku aitetee kwa nguvu zote hoja ya kugawa siku hiyo moja katika vipindi vifupi vinne au vitano, maana anazungumza juu ya jambo alilolishuhudia kwa macho yake.

Lipo pia la kupoteza, na sioni sababu ya kulificha. Shuleni unamwona mtoto akikua kwa miaka, ilhali washiriki wengi wa mafunzo utakaa nao siku moja na pengine usiwaone tena. Kwangu upungufu huo haujazibika, na anayependa ualimu kwa sababu hiyo hasa afikiri mara mbili.

Anayeendelea na nia yake asitegemee wasifu unaotaja madarasa na masomo aliyofundisha, kwani msomaji wake hajui kuyatafsiri. Achague kazi moja anayoifahamu vizuri, kama vile kumpokea mwalimu mgeni au kutunza kumbukumbu za alama, aandae mafunzo ya nusu saa kuihusu pamoja na karatasi moja ya maelekezo ya kubandikwa ukutani, kisha aandike kwa aya moja tatizo alilokusudia kuliondoa na jinsi atakavyojua, mwezi mmoja baadaye, kwamba limeondoka. Kwenye usaili aanze na aya hiyo.