Barakoa ya Shabani

Mpwa wangu Shabani alinipitia kazini Ijumaa moja mwishoni mwa mwaka 2023, kwenye duka la miwani pale Kariakoo ninakokata lenzi. Vijana wa ofisini kwao walikuwa wamepanga kwenda Kigamboni Jumapili kucheza peintiboli, mchezo wa kulengana kwa vidonge vya rangi, na yeye ndiye aliyekabidhiwa suala la vifaa. Bunduki, mitungi yake ya gesi na vidonge vya rangi vingetoka kwa mwenye uwanja. Nguo, viatu na glovu kila mtu ajitegemee. Barakoa za kukinga uso zilikuwepo za kukodi, lakini kukodi kulikuwa na gharama yake, na Shabani alitaka kuipunguza.

"Mjomba, pale mtaani Gerezani nimeona miwani za mafundi, zile nyeupe za kusagia chuma. Bei poa na plastiki yake ngumu. Si ninunue za watu wote?"

Nikazima mashine. Hilo lilikuwa swali la kazi yangu, na sikutaka kulijibu huku nafanya jambo lingine.

Nikamtafutia miwani ya aina hiyo hiyo na kumwonyesha herufi F iliyochongwa kwenye lenzi. Kwa kiwango cha Ulaya cha wakati huo, herufi hiyo ilikuwa na maana kwamba lenzi imepimwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6, isiyofika hata gramu moja, ikipigwa kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde. Inakinga cheche na vipande vidogo vya chuma. Sasa kidonge cha peintiboli kina unene wa milimita 17 hivi na uzito wa gramu 3, na viwanja vingi huruhusu kitoke kwa mwendo usiozidi mita 91 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, nishati ya pigo lake ni zaidi ya mara kumi ya ile ambayo miwani ile ilitengenezwa kuihimili. Tena miwani ya fundi iko wazi pembeni, na ikipigwa inachomoka. Mtu akipigwa kidonge cha pili, jicho liko wazi. Nimewahudumia watu wanaotafuta fremu ya kusitiri jicho lililokufa. Sikuwa tayari kuona kijana wa dada yangu akiwa mmoja wao kwa sababu ya elfu chache.

"Kodi barakoa," nikamwambia. "Na mimi nitakuja kuzikagua."

Akakubali, ila aliinama kidogo, maana bajeti ilikuwa imeshapasuka. Ndipo nikampeleka soko la Karume, kwa sababu mavazi ya mchezo huu hayahitaji duka la kifahari. Kwenye mitumba tulichagua fulana za mikono mirefu, pana, na suruali za kazi za kitambaa kizito. Nguo iliyolegea hupokea kidonge vizuri kuliko inayobana. Viatu tulitafuta raba zenye meno na shingo ndefu, kwa sababu kule ni mchanga na visiki. Muuzaji mmoja akatutolea jaketi la mabaka ya kijeshi, zuri kweli, na Shabani akalishika kwa mapenzi. Nikamrudishia muuzaji mara moja. Sheria yetu hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo, na mwaka huo huo jeshi letu, JWTZ, lilikuwa limewapa watu siku saba wazisalimishe. Rangi ya udongo na kijani kilichopauka zinatosha.

Ili kumtuliza nilimsimulia mchezo wa kwanza wa peintiboli, uliofanyika Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, Marekani. Walikuwa wachezaji 12, wakitumia bastola zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Aliyeshinda, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu, naye alikusanya bendera zote alizotakiwa kuzipata bila kufyatua hata mara moja. Shabani akalipia raba bila kuomba punguzo tena.

Jumapili tulivuka na pantoni mapema. Uwanjani niliomba barakoa zote nikazikagua moja moja juani, nikipitisha kucha kwenye kingo za lenzi, nikivuta lastiki, nikibonyeza sponji ya ndani. Moja ilikuwa na ufa mwembamba karibu na pua. Nyingine lenzi yake ilikuwa na ukungu usiofutika, na kijana wa pale akasema huwa wanaondoa rangi kwa thina. Thina hudhoofisha plastiki ile, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Nilimweleza kwamba maji na sabuni vinatosha, maana rangi yenyewe huyeyuka kwenye maji. Alisikiliza kwa heshima, akaziweka zote mbili kando.

Saa sita jua likawa kali. Bunduki zao zilitumia mitungi ya CO2, na gesi hiyo ikipata joto mgandamizo wake hupanda, hivyo kidonge hutoka kwa kasi kuliko asubuhi. Nikaomba zipimwe upya kwenye kipima mwendo. Kadhaa zilikuwa zimepita kiwango, zikapunguzwa. Nakumbuka binti mmoja wa kikundi chao aliniambia, "Mjomba, wewe unaogopa sana." Nikamjibu ndiyo, naogopa.

Raundi iliyofuata Shabani alichungulia nyuma ya pipa, kidonge kikampasukia katikati ya lenzi. Akanyanyua mkono, akatoka uwanjani bila kugusa barakoa, kama tulivyokubaliana, na alipofika nyuma ya wavu akaivua na kucheka. Lenzi ilibadilishwa kabla hajarudi kucheza.

Wiki iliyofuata alinipigia simu kuuliza barakoa gani aagize ya kwake mwenyewe. Nilimwambia atafute yenye lenzi ya tabaka mbili zilizoachana kidogo, kwa sababu jasho la Dar hujaza ukungu lenzi ya tabaka moja kwa dakika chache, na kabla ya kulipa ahakikishe lenzi zake za akiba zinapatikana.