Masale ya babu na bibi wa Kinavajo

Nimerudi Machame, Kilimanjaro, jumla. Wanaokuja kunipa pole ya safari wanashangaa kwamba Marekani yangu haikuwa ya maghorofa. Nilikuwa muuguzi kaskazini mwa Arizona, nchi ya Wanavajo (wenyeji wa asili wa Marekani), yenye mchanga mwekundu, kondoo, na watu wanaojitambulisha kwa koo nne: wa mama, wa baba, na za babu wote wawili.

Ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja wa zamu za usiku, Mnavajo na Mmormoni, yaani muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Alikulia ndani ya mpango ambao kanisa lake liliurasimisha mwaka 1954: mtoto alibatizwa, akapelekwa kukaa na familia ya waumini, mara nyingi Wazungu wa jimbo la Utah, akasoma huko, kiangazi akarudi kwao. Watoto wa mpango huo, wengi wao Wanavajo, walifika makumi ya maelfu. Wazazi walitaka shule. Mchaga gani hawezi kuelewa hilo?

Kila kiangazi alimkuta bibi yake anaongea na yeye anapapasa maneno. Ile familia ya Utah ilimpenda, na mpaka leo anawaita baba na mama. Lakini alifundishwa kwamba watu wake ni uzao wa Walamani, taifa lililoasi ndani ya Kitabu cha Mormoni, andiko takatifu la kanisa hilo. Mwaka 1960 Spencer W. Kimball, mtume aliyewapigania sana Wanavajo na baadaye akawa rais wa kanisa, alitangaza mkutanoni kwamba watoto wa mpango huo wanazidi kuwa weupe. Mtoto akisikia hivyo kuhusu ngozi ya mama yake, ameumizwa, hata kama aliyesema alikuwa na mapenzi.

Hata hivyo hakuliacha kanisa, na kwao pia hakupaacha. Mjukuu wake alipovunja ungo, kwenye kinaaldá, sherehe ya Wanavajo ya kumpokea binti utu uzimani, alisaga mahindi ya keki inayookwa ardhini usiku kucha huku nyimbo zikiimbwa. Kahawa aliwamiminia wageni, yeye hanywi, dini yake imeikataza. Askofu wake, Mnavajo pia, alikuja akala keki.

Penye uzito ni kwa wafu. Wamormoni hukusanya majina ya marehemu wao ili walio hai wabatizwe kwa niaba yao hekaluni. Wanavajo wa jadi hawapendi kabisa kumtaja marehemu, wala kukaribia vitu vyake. Ameandika majina mengi ya ukoo, ila la bibi yake hajalipeleka. Wa kanisani wamemuuliza mara nyingi. Hajibu, na Jumapili inayofuata yupo kwenye benchi lake. Naiheshimu imani hiyo kuliko mahubiri mengi niliyosikia.

Naandika haya kwa sababu hapa kihambani nimekuta ugomvi. Ndugu zetu waliookoka wanataka masale, mimea ambayo sisi Wachaga tunaiheshimu, yanayozunguka kaburi la babu yang'olewe, eti ni upagani. Babu alikuwa Mlutheri, alikuwa mzee wa kanisa, na jirani akimkosea alimpokea akija na jani la sale kuomba radhi. Hakuona mgongano. Sisi tumeupata wapi?

Jumamosi ukoo unakaa. Nitasema masale yabaki, na asiyetaka kuyagusa asilazimishwe. Shangazi wa Arusha nimeshampigia, anapanda basi Ijumaa.