Nilivyovunja ukuta wangu ili nipate hati

Kiwanja changu cha Kivule nilikinunua mwaka 2011 kwa hatua. Muuzaji alikuwa mzee mfupi. Alitangulia mbele yangu kati ya mikorosho akihesabu kwa sauti, ishirini na tano huku, ishirini kule, na kila kona akachomeka kijiti cha mnyaa. Laiti ningekwenda na mtu mrefu. Mauziano tuliandikishiana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wakatia saini, muhuri ukagongwa, nami nikarudi Gongo la Mboto nikijiona mwenye mji tayari.

Mwaka 2014 nyumba ilikuwa imesimama, nikajenga ukuta upande wa njia. Tofali za inchi sita, kozi nane, kama mia nne hivi. Sikumdhulumu mtu, ukuta ulifuata ile minyaa. Ila jirani wa ng'ambo naye alifuata minyaa yake, na kati yetu ikabaki njia ya mita tatu na sentimita sitini. Bajaji inapita vizuri tu. Lori la mchanga linamwaga kule barabara kubwa, halafu unalipa vijana wa toroli. Gari la kunyonya maji taka ndiyo usiseme: choo kikijaa unachimba shimo jingine, na kiwanja chenyewe ndicho hicho.

Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila mpango, ulipofika mtaani kwetu mwaka 2018 wengi tulidhani ni suala la kuchanga hela na kusubiri karatasi. Bei ya kwanza tuliyotajiwa ilikuwa 250,000 kwa kiwanja, ikaja kushuka hadi 150,000 baada ya Wizara ya Ardhi kuweka kikomo. Tuliunda kamati, tukafungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na hapo nawashukuru wazee wetu kwa ubishi wao, maana kampuni ya upimaji ilitaka tulipe mkononi kwa mtu wao wa ofisini. Nililipa kwa awamu tatu. Stakabadhi zangu niliziweka kwenye bati la biskuti pamoja na mauziano, na zilikuja kunisaidia daftari la kampuni lilipodai nimelipa mara mbili tu.

Siku mchoro wa mipango miji ulipobandikwa ofisi ya mtaa, nilikitafuta kiwanja changu kwa kidole. Nikakiona. Njia yetu imechorwa mita sita, na mstari wa pembeni umepita ndani ya ukuta wangu, mita moja na sentimita ishirini, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilimuuliza mpima kama hauwezi kusogezwa kidogo upande wa pili. Akacheka. Upande wa pili nao umekatwa vilevile, akasema, tena kule kuna karo la choo.

Fidia hakuna, hilo tulishaambiwa kikaoni: kila mtu anaachia kipande chake kwa ajili ya njia yake mwenyewe. Na bila njia kukubaliwa, mchoro wa eneo lile haupiti, kwa hiyo nyumba kumi na moja za mstari wetu zingekosa hati kwa sababu yangu na babu wa ng'ambo. Usiku ule nilipiga hesabu ya tofali mara nyingi kuliko hesabu ya hati.

Kesho yake nikaenda kwake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kama umekuja kwa habari ya njia, kunywa kahawa uende."

Nikanywa. Akanieleza alivyoingia pale ni pori tupu, nguruwe wanakula mihogo yake, na leo mtoto wa juzi mwenye kikompyuta anamwambia asogee. Sikumbishia. Kosa nililowahi kuliona kwa wenzangu ni kwenda kwa mzee wa namna hii na mjumbe, mtendaji na barua. Akishaona barua, anatafuta wakili, na mtaa mzima unakaa miaka.

Nilichofanya, Jumamosi iliyofuata nilimwita fundi na vijana wawili, tukaanza kubomoa ukuta wangu. Sikumwambia babu kitu. Tulizitoa tofali moja moja kwa patasi ili zisivunjike, zikapona kama mia mbili. Babu alitoka na kiti, akakaa chini ya mnazi wake, akatutazama kutwa nzima bila neno. Jioni akaniletea madafu mawili.

Lakini hakusogea. Wiki tatu zikapita. Kilichomgeuza hakikuwa maneno yangu, alikuwa fundi wangu, ambaye ni mtu wa kuropoka. Alikuwa anapakua mchanga, na kwa mara ya kwanza lori lilikuwa limeingia hadi mlangoni kwangu, likipita upande nilioachia. Akamwambia: "Mzee, hili karo lako umelifunika kwa zege la inchi mbili. Siku lori likikosea kidogo, linazama humo na dereva wake." Babu aliinuka, akaenda kukanyagakanyaga mfuniko kwa kisigino. Mwezi uliofuata alichimba karo jipya ndani ya uwanja wake, la zamani akalifukia kwa kifusi cha ukuta wangu. Kifusi nilimpa bure, na tofali thelathini juu yake. Wapo walioniita mjinga kwa hilo.

Bikoni, yaani vile vijiguzo vya zege vya kuonyesha mipaka, ziliwekwa mwishoni mwa 2019. Kama mtaa wenu uko kwenye hatua hii, shika tepu siku hiyohiyo. Mimi nilipima kutoka kila kona ya nyumba hadi bikoni iliyo jirani nayo, nikaandika, nikapiga picha namba iliyochorwa juu ya zege. Kisa ni kwamba ndani ya bikoni kuna chuma, na watoto wa vyuma chakavu wanajua. Yangu ya kona ya nyuma iling'olewa kabla hata ya mvua za masika. Mpima aliporudi hatukubishana, nilimsomea tu vipimo, akairudisha palepale.

Kuanzia hapo kampuni ikalala. Simu haipokelewi, ofisi yao imehamia kusikojulikana. Kamati ilikwenda halmashauri zaidi ya mara kumi, na safari za mwisho tulikuta hata kibao kimebadilika: tuliingia tukiwa Manispaa ya Ilala, tukatoka tukiwa Jiji la Dar es Salaam, maana mwaka 2021 Jiji la zamani lilivunjwa na Ilala ikapandishwa. Ramani ya upimaji iliidhinishwa mwaka huohuo. Umilikishaji wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea: fomu, nakala ya mauziano, picha, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), ukishapewa ankara unalipia kwa namba ya malipo. Waliokwama ni wale ambao mauziano yana jina la marehemu. Jirani zangu watatu walirudishwa Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi kwanza, na mmoja hadi leo ndugu zake hawajakubaliana msimamizi awe nani.

Hati yangu ilitoka mwaka 2022, miaka 99, mita za mraba 378. Ningekuwa na karibu 405 kama si njia. Sasa kila mwaka nadaiwa kodi ya pango la ardhi, ambayo wenye mauziano ya mtaa hawaijui. Watu huichanganya na kodi ya majengo. Hiyo ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023, na ni ya mwenye nyumba. Kama mita iko kwa mpangaji, mpunguzie kwenye kodi ya chumba. Mpangaji wangu alikatwa miezi saba kabla ya kuthubutu kuniambia, nikaona aibu.

Ukuta sijaujenga tena. Zile tofali mia mbili, nikitoa za babu, zilikwenda kwenye jiko la nje, na pembeni ya njia nimepanda michongoma.

Hati ya babu ilitoka miezi minne baada ya yangu. Alikuja nayo asubuhi ndani ya mfuko wa nailoni, nimsomee. Nilipofika kwenye ukubwa akanizuia.

"Hizo mita za mraba ni hatua ngapi?"

Nikajaribu kumfafanulia, nikashindwa. Akaikunja hati, akavuka njia, akaanza kutembea kutoka bikoni hadi bikoni kwa ile miguu yake mirefu, anahesabu kwa sauti. Alipofika kona ya mnazi akasimama, akatazama nyuma, akaanza upya.