Wiki ya Vipimo 28

Mtoto alikuwa ametimiza wiki sita siku tulipompeleka kuchanjwa. Muuguzi alianza kwa kumpima mama yake presha, kwa sababu presha inaweza kupanda hata baada ya kujifungua. Katika wiki hizo sita kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au maumivu yakishika chini ya mbavu, tarehe ya kliniki haingojwi. Mama alikuwa salama, 112 kwa 70. Muuguzi akanigeukia, bado ameshika ule mkanda wa kupimia presha: "Baba, kaa nawe nikupime." Mashine ikaandika 162 kwa 98.

Sikuwa naumwa popote. Presha ndivyo ilivyo: kwa watu wengi haina dalili yoyote mpaka iwe imeshaharibu figo, macho, moyo au mishipa ya ubongo.

Hakuniambia kwamba nina ugonjwa, na namshukuru mpaka leo kwa hilo. Kipimo kimoja hakitoshi; kliniki hutazama 140 kwa 90 au zaidi, kwa siku mbili tofauti. Kisha akanionyesha nilivyokaa. Mtoto nimempakata, mguu mmoja juu ya mwingine, mgongo hauna egemeo, naongea, na mkono wa shati nimeukunja juu ukabana kama kamba. Kila moja ya hayo huweza kupandisha namba, na kibofu kilichojaa nacho hupandisha. Kosa kubwa zaidi lilikuwa mkanda wenyewe. Alitoa futi ya kitambaa akapima mzunguko wa mkono wangu katikati ya bega na kiwiko: sentimita 35. Mkanda aliokuwa ametumia kwa mama ni wa 22 mpaka 32. Mkanda mdogo haugawi mgandamizo vizuri, kwa hiyo hulazimika kujaa hewa zaidi ndipo uzibe mshipa, na namba hutoka kubwa kuliko ukweli. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unatakiwa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono.

Mama akampokea mtoto, nikakaa kimya dakika tano, muuguzi akarudia kwa mkanda mkubwa. 150 kwa 94. Ilishuka, lakini haikushuka vya kutosha. Akanituma nikapime nyumbani siku saba, asubuhi na jioni, mara mbili kila kikao. Vipimo 28.

Mashine ya kuvaa mkono wa juu ni ya kuaminika kuliko ya kifundo cha mkono, ambayo hukosea ikikaa juu au chini ya usawa wa moyo. Siku ya kwanza nilipima mikono yote miwili. Wa kulia ulitoa namba kubwa, basi ukabaki ndio mkono wa kupimia. Nusu saa kabla, hakuna kahawa, sigara wala kazi nzito. Unakwenda haja ndogo kwanza. Unakaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili chini, mkono mtupu juu ya meza ili mkanda uwe usawa wa moyo, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita mbili au tatu juu ya mkunjo wa kiwiko. Mkono ukining'inia, namba hupanda. Dakika tano za kimya, kipimo cha kwanza, dakika moja, kipimo cha pili. Zote mbili zinaandikwa pamoja na saa.

Kuandika zote ndiko kugumu kuliko kupima. Mtu akiona 151, hujaribu tena, na tena, mpaka apate 138, kisha huandika hiyo 138. Daftari la namna hiyo linamdanganya daktari, na mwenye kudanganyika zaidi ni mtoto anayemtegemea mtu huyo. Mtoto akilia katikati ya zile dakika tano, unainuka kumshughulikia, na hesabu inaanza upya. Kuna asubuhi mbili nilianza mara tatu. Usiku wa kukesha nao uliacha alama. Asubuhi zake zilikuwa juu. Nilitaka kuziacha, lakini usingizi uliokatika ni sehemu ya maisha ya mzazi, na mishipa inaubeba huo mzigo kama ulivyo. Kitu kimoja tu hakingojei daftari: namba ikifika 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, pumzi kukatika, upande mmoja wa mwili kulegea au ulimi kuwa mzito, ni kwenda hospitali saa ileile.

Daktari alifuta vipimo vinne vya siku ya kwanza, kwa kuwa mtu anakuwa bado hajaizoea mashine, akatafuta wastani wa 24 vilivyobaki: 144 kwa 91. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, chini kidogo ya ule wa kliniki, kwa sababu nyumbani moyo umetulia.

Swali lake la kwanza lilikuwa, natumia dawa gani? Nilikuwa nameza ibuprofeni karibu kila siku kwa maumivu ya mgongo ya kumbeba na kumwinamia mtoto. Dawa za kundi hilo huzuia figo kutoa chumvi na maji vizuri, na presha hupanda. Aliniachisha. Akaagiza mkojo uangaliwe protini na damu, damu ipimwe sukari, mafuta, potasiamu na kazi ya figo, na moyo upimwe umeme wake. Chumvi isizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo tayari katika vyakula vya viwandani. Na kutembea haraka dakika 150 kwa wiki: dakika 25, siku sita, mtoto kifuani.

Wastani ulishuka, ukagoma juu ya mpaka. Nikaanzishiwa amlodipini miligramu tano, kidonge kimoja kwa siku. Hufanya kazi polepole, hivyo kuipima kesho yake na kusema haisaidii ni kuionea. Vifundo vya miguu vikivimba, unamwambia daktari, huachi mwenyewe. Namba zikiwa nzuri pia huachi, maana ni dawa iliyozishusha.

Mtoto alipoanza kutambaa, kidonge kilekile kikawa hatari ya pili ndani ya nyumba. Kimoja tu cha kundi la amlodipini kinaweza kuporomosha presha ya mtoto mdogo na kudhoofisha moyo wake. Kile kisanduku cha vidonge vya wiki hufunguka kirahisi, basi nilirudisha dawa kwenye pakiti yake, nikaihamisha kutoka kando ya kitanda hadi kabati la juu lenye kufuli. Namezea hapo hapo, nimesimama, kisha nafunga. Kikidondoka, hakuna anayetoka chumbani mpaka kionekane.