Maiki Moja Chini ya Mkorosho

Sindimba, ngoma ya Wamakonde, niliirekodi upande wa Newala, kusini mwa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa tepurekoda ya Uher na maiki moja. Umeme hakuna, mashine ilikula betri kubwa tano. Nilitia mpya, maana betri zikichoka mota hupunguza mwendo kimyakimya, na siku ukiupiga mkanda kwa betri nzima, waimbaji wanakuwa na sauti za watoto.

Maiki ikiwa moja, hakuna cha kuchanganya baadaye. Mizani ya sauti inapangwa kwa miguu ya watu. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, sauti inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Waimbaji niliwasimamisha mita moja na nusu kutoka kwenye maiki, ngoma kubwa mita 3, na vinganga, ngoma ndogo ambazo mlio wake unapenya kila kitu, nikavirudisha mita 6. Mzee kiongozi wa ngoma hakupendezwa.

"Mwanangu, mbona unatutenga?"

Nikamvisha hedifoni. Akasikiliza, akazivua, akaenda kumsogeza mwimbishaji nusu hatua mbele. Alipatia, maneno yakatoka wazi.

Chini ya stendi nilikunja gunia, kwani wachezaji wakikanyaga, kishindo hupanda kutoka ardhini hadi kwenye maiki. Sindano ya kipimo cha sauti kwenye mashine nayo usiiamini kwenye ngoma: ni nzito, haiwahi pigo. Niliiacha icheze desibeli 10 chini ya sifuri, ili pigo lipate nafasi.

Rili ya sentimita 13 yenye mkanda wa mita 270 inakwenda dakika 23 hivi kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde. Ila ngozi ya ngoma iliyokazwa kwa moto wa nyasi hulegea kabla ya hapo, kwa hiyo saa yetu ilikuwa ngozi. Ikipoa tunasimama, moto unakokwa, tunaanza wimbo upya. Kukata na kuunga sikutaka: mpigo wa baada ya moto haulingani na wa kabla yake.

Tulipomaliza sikuurudisha mkanda nyuma. Mkanda mwembamba ukikaa umeviringwa, sumaku ya tabaka moja huambukiza la jirani, unasikia kivuli cha wimbo. Ukiuhifadhi mwisho ukiwa nje, kivuli kilicho kizito huangukia baada ya sauti yenyewe, ngoma zinakifunika. Kwenye boksi nikaandika mwendo, na kwa herufi kubwa: RUDISHA KWANZA.