Nilivyotengeneza madigadi ya pikipiki kwa nyuzi za kaboni mjini Kampala

Karakana yangu ipo Ndeeba, na kazi iliyonilisha kwa miaka mingi ni faibaglasi: kuziba bodi za magari, kutengeneza vifuniko vya pikipiki na kukarabati boti zinazoletwa kutoka ziwani. Nilipoamua kutengeneza madigadi ya mbele ya Bajaj Boxer kwa nyuzi za kaboni, wenzangu walidhani kwamba ugumu ungekuwa kukipata kitambaa chenyewe. Kitambaa kiliagizwa na kikafika. Kilichodai akili na subira ni kalibu (umbo la kutolea kipande), uchanganyaji wa resini (gundi inayoganda na kushika nyuzi) na joto, na hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza mafundi wenzangu, kwa sababu maelekezo mengi tunayoyasoma yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi zilizo karibu na usawa wa bahari.

Kalibu niliitoa kwenye madigadi ya asili. Niliyasugua kwa msasa wa maji kuanzia namba 400 hadi 1500, nikayang'arisha, kisha nikapaka nta ya kuachisha, inayozuia vitu kushikana, tabaka baada ya tabaka, kila moja ikikauka na kufutwa kabla ya nyingine kufuata. Juu ya nta nilipaka alkoholi ya polivinili, ambayo ikikauka huwa utando mwembamba unaoyeyuka kwa maji. Ikafuata jelikoti, yaani tabaka laini la uso la resini, halafu faibaglasi nene, maana kalibu nyembamba hujipinda. Usafi huu si wa kujionyesha: kila mkwaruzo uliomo ndani ya kalibu huhamia kwenye kipande, na kaboni iliyong'arishwa haifichi hata alama ya kidole.

Resini ya poliesta ile ya boti hupatikana mjini bila shida, lakini mimi nilichagua epoksi, resini ya aina nyingine, kwa kuwa huishika kaboni vizuri zaidi na haisinyai sana inapoganda. Hapa ndipo fundi wa faibaglasi anapolazimika kuacha mazoea. Kwenye poliesta tunatia kichocheo asilimia 1 au 2, na tukiwa na haraka tunaongeza kidogo. Epoksi haikubali jambo hilo, kwa sababu dawa yake ya kugandisha haichochei tu, bali huingia yenyewe katika muungano. Kila sehemu hushikana na mwenzake kwa hesabu maalumu, na inayozidi hukosa pa kushika, kipande kikabaki dhaifu. Resini yangu ilitaka gramu 30 za dawa kwa kila gramu 100, nami nilipima kwa mizani ndogo ya kidijitali, si kwa kifuniko cha chupa. Kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza, “Mzee, tukizidisha kidogo si itakauka kabla ya mvua?” Nilikuwa nimetenga kikombe cha majaribio kilichozidishiwa dawa, nikampa akibonyeze kwa ukucha. Ukucha uliacha alama, naye hakuuliza tena.

Joto letu la mchana, ambalo mara nyingi hufika nyuzi 27 au 28 za Selsiasi, hupunguza muda wa kufanyia kazi. Tena epoksi iliyorundikana katika kikombe hujichemsha yenyewe, kwa hiyo nilichanganya kiasi kidogo na kukimwaga mara moja kwenye sinia pana. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei unyevu wa hewa huleta utando wa mafuta juu ya epoksi iliyoganda. Utando huo huoshwa kwa maji ya vuguvugu kabla ya kupiga msasa, la sivyo tabaka la juu halishiki.

Nilitumia kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, tabaka tatu, nikaongeza nyingine mbili kwenye matundu ya skrubu. Uzito wa resini haukuzidi uzito wa kitambaa, maana nguvu imo katika nyuzi, na resini ya ziada ni mzigo tu. Ili kuikamua nilifunga kazi yote ndani ya mfuko wa plastiki na kunyonya hewa kwa kompresa ya friji kuukuu. Kampala ipo takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo (mgandamizo) ya hewa hapa ni kama bar 0.88, nayo geji ya kunyonya haiwezi kuzidi hapo. Basi fundi anayefuata maelekezo ya ng'ambo na kungoja geji isogee karibu na bar 1 atatafuta tundu la mfuko kutwa nzima, na tundu halipo. Hewa tuliyo nayo inatosha kabisa kugandamiza kitambaa.

Baada ya kuganda kwa siku nzima, kipande kilikuwa kigumu mkononi lakini hakijakomaa. Madigadi meusi yanayoachwa juani yanaweza kufika nyuzi 60, na epoksi ambayo haijapashwa hulegea na kupinda. Nilitengeneza sanduku la bati lenye balbu na kipimajoto, nikapandisha joto polepole hadi nyuzi 60, nikaliacha hapo kwa saa kadhaa. Kisha nikapaka vanishi yenye kinga ya jua, kwa kuwa epoksi tupu hugeuka manjano. Msasa wote ulipigwa kwa maji, nikiwa na barakoa na glavu. Vumbi la kaboni huwasha ngozi, halifai mapafuni, na hupitisha umeme, hivyo linaweza kuua mota ya drili.

Sifa hiyo ya kupitisha umeme ina madhara mengine: kaboni ikigusana na alumini penye maji ya mvua, alumini huliwa. Kwa hiyo kwenye sehemu za kufungia nililaza faibaglasi upande wa ndani na kuweka washa za raba.

Vijana wanaoshindana motokrosi (mbio za pikipiki kwenye udongo) kule Garuga sasa wananiomba usukani na swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) za kaboni, nami ninakataa, kwa kuwa sina mashine ya kupima nyufa zilizojificha ndani, na kipande cha aina hiyo kikikatika, mtu huanguka. Ninachowatengenezea ni kinga ya chini ya injini, nikilaza nyuzi za aramidi (zile za fulana za kuzuia risasi) kati ya tabaka za kaboni, kwa sababu kaboni peke yake ikipigwa na jiwe hupasuka ghafla, ilhali aramidi huendelea kuvishikilia vipande hadi mwendeshaji afike kituoni.