Nilivyochapisha utafiti wangu wa mikoko ya Chwaka

Ukimaliza uzamili, watu wanakuambia "sasa chapisha" kana kwamba ni kubonyeza kitufe. Kwangu matokeo yalikuwa tayari, michoro ipo, takwimu zimeshakokotolewa. Muda mwingi ulikwenda kwenye jambo jingine kabisa: kumshawishi mtu ambaye hajawahi kukanyaga tope la Chwaka kwamba kilichotokea kule kinamhusu.

Utafiti wenyewe ulifanyika kwenye mikoko ya Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja. Wenyeji wamekuwa wakikata huko kuni, boriti na magogo ya kuchomea chokaa miaka mingi. Mimi nilikuwa nafuatilia miche ya mkandaa na mkoko: ipi inasalimika, ipi inaliwa na kaa, na kama kuna tofauti kati ya sehemu zilizokatwa na zile zenye kivuli kizito. Kwenye tasnifu hayo yote yalikaa chini ya kichwa kirefu kuhusu "hali ya mikoko". Msimamizi wangu alisoma rasimu ya kwanza ya makala, akaniita. "Kwamba mikoko ni muhimu, kila mhariri anajua," alisema. "Wewe umeona nini ambacho mwenzako wa Malaysia au Brazili angependa kukisikia?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye maandiko. Mwaka 1987 Thomas J. Smith III alionyesha, kwa kazi aliyoifanya Australia, kwamba kaa wanaokula mbegu wanaweza kuchangia kuamua aina gani ya mkoko itawale wapi. Basi nikalishika hapo. Makala ikaacha kuwa habari za Chwaka tu, ikawa swali: msitu ukikatwa, je, kaa bado wana nguvu ileile? Chwaka ikawa mahali pa kulipimia. Utangulizi wa kurasa nyingi ukabaki aya chache, na historia ya kijiji niliyoipenda sana ikaondoka yote. Iliniuma, lakini ilikuwa inamchelewesha msomaji.

Kuchagua jarida kulinifundisha hesabu za fedha. African Journal of Ecology lilikuwa la kwanza akilini; lilianza mwaka 1963 kama East African Wildlife Journal, kwa hiyo sisi wa huku tunaliona kama la nyumbani. Lilikuwepo pia la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu wa Bahari ya Hindi, liitwalo Western Indian Ocean Journal of Marine Science, ambalo mikoko ni chakula chake cha kila siku. Na yalikuwepo makubwa ya dunia. Nilichojifunza ni hiki: kwenye jarida mseto, yaani lenye makala za kulipia na za wazi pamoja, ukikubali makala isomwe na wenye usajili tu, mara nyingi hulipi kitu. Ukitaka iwe wazi kwa wote, ndipo bili inapokuja, na bili hiyo inaweza kupita posho yako ya mwaka. Yale yaliyo wazi kabisa mara nyingi yana msamaha wa ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, ila mara nyingi lazima uuombe wakati wa kutuma, siyo baada ya kukubaliwa. Ama wale wanaokuandikia baruapepe usiku wa manane wakikuita "Profesa Mheshimiwa" na kuahidi kuchapisha ndani ya wiki, futa tu. Mhakiki wa kweli, yaani mtaalamu anayepima makala kabla haijachapishwa, hasomi kwa kasi hiyo.

Kabla ya kutuma kuna vikorokoro ambavyo hakuna anayekuonya. Mistari iwekewe namba ukurasa hadi ukurasa. Majina ya waandishi yakae kwenye faili la peke yake ili wahakiki wasikujue. Namba ya kibali cha utafiti cha Zanzibar iandikwe. Ramani iwe na kipimo na mshale wa kaskazini, na rangi zake zisomwe hata na asiyetofautisha nyekundu na kijani. Data ghafi ziwekwe mahali pa umma. Mimi niliziweka Zenodo, hazina ya data ya mtandaoni, kwa kuwa ni bure, zikapata kiungo cha kudumu. Waandishi wenza wote waseme kwa maandishi kwamba wamesoma na kukubali, na mmoja wetu alikuwa safarini kwenye mtandao wa kubahatisha. Mzee aliyetuongoza kwenye vijito, anayejua bamvua itafika mti gani kabla sisi hatujafungua jedwali la maji, nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kumtaja kwenye shukrani. "Andika tu mwanangu," akasema, "lakini usikosee jina la baba yangu."

Barua kwa mhariri niliiandika fupi: swali, tulichokipata, na kwa nini wasomaji wa jarida lake hasa. Jarida la kwanza lilinirudishia haraka bila kupeleka kwa wahakiki. Mhariri aliona inafaa zaidi jarida la ukanda. Sikubishana naye. Nilibadilisha muundo wa marejeleo, nikagusa utangulizi, nikaituma kwingine.

Huko ilikaa. Hali kwenye mfumo ilisoma "chini ya uhakiki" hadi nikaacha kufungua. Majibu yalipokuja yalikuwa ya wahakiki wawili, na uamuzi wa mhariri ulikuwa marekebisho makubwa. Nilisoma mara moja, nikafunga kompyuta, nikaenda kunywa chai. Hilo napendekeza kwa kila mtu, maana maoni yaleyale ukiyasoma kesho yake yanakuwa yamepoa.

Mhakiki wa kwanza alitaka mambo madogo. Wa pili ndiye aliyenikalisha kitako. Alimnukuu Hurlbert wa mwaka 1984, yule aliyewaonya wanaikolojia dhidi ya kuhesabu sampuli zisizo huru kana kwamba ni huru, akasema viwanja vyangu vya kupimia, vya mita tano kwa tano, vimepangwa kwa mistari, kwa hiyo vya mstari mmoja ni kitu kimoja kilichopimwa mara nyingi. Modeli yangu ya takwimu ilikuwa tayari inatambua kwamba viwanja vya mstari mmoja ni ndugu, lakini maelezo yake yalikuwa sentensi moja katikati ya aya ndefu ya mbinu. Sikumwambia "tulishaandika, mstari wa 143". Nilimshukuru, nikaitoa ile sentensi kuwa aya yake, nikaongeza jedwali dogo linaloonyesha mistari mingapi, viwanja vingapi kwa kila mstari, na kipi kinalinganishwa na kipi. Kisha kwenye barua ya majibu nikanakili maoni yake neno kwa neno, jibu langu chini yake, na maandishi mapya chini ya jibu, ili asihangaike kutafuta.

Barua hiyo ilizidi makala yenyewe kwa urefu. Sijutii. Mhariri ana mafuriko ya makala. Ukimrahisishia kuona kwamba kila hoja imejibiwa, humpi sababu ya kukurudisha kwa wahakiki upya. Hoja mbili tulizikataa, kwa sababu na kwa adabu. Moja ilitutaka tuongeze vipimo vya chumvi ya udongo ambavyo hatukuvichukua. Tulisema hivyo waziwazi na kukiweka kama kikomo cha utafiti kwenye mjadala.

Lilikuwepo pia lile la "Kiingereza kihaririwe na mzawa wa lugha". Mwandishi mwenzetu mmoja amezaliwa Leeds, Uingereza, na ndiye aliyeipitia rasimu ya mwisho. Tulijibu kwamba tumeipitia tena kwa makini, tukafupisha sentensi chache, basi. Vita vingine havistahili wino.

Ilipokubaliwa, nilidhani kwamba sasa ni kulala, lakini nakala ya kusahihisha ilikuja na siku chache za kuirudisha. Hapo kagua majina. Sisi wengi tuna majina matatu, na mfumo ulikuwa umechukua jina la babu na la baba ukayaunganisha kuwa jina la ukoo, jambo ambalo lingenifanya nitafutwe kwa jina nisilolitumia. Nililirekebisha lifanane na lililoko kwenye ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, nikahakikisha majina ya kisayansi ya mikoko yako kwenye italiki, nikakagua namba za majedwali, na nikatazama mara mbili jina la baba wa yule mzee kabla ya kubonyeza "wasilisha".